Mbinu za hisabati katika fizikia: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa chuo

Anayepanda vilima vya Chimwaga kwenda kusoma fizikia Chuo Kikuu cha Dodoma atakutana na kozi moja ambayo ikimwendea kombo, inamfuata hadi mwaka wa mwisho. Jina lake hubadilika kutoka chuo hadi chuo, lakini ndani mambo ni yaleyale: vekta, matriksi, milinganyo difarensia, mfululizo wa Fourier, namba changamano, na fungsi zenye majina ya watu. Usipoishika, sumakuumeme itakusumbua, kwanta itakusumbua zaidi, na utabaki kunakili hatua za lekchara bila kujua zimetoka wapi.

Wengi wanaokwama hapa wana kichwa kizuri tu cha hesabu. Tatizo ni namna wanavyoisoma: wanakusanya madesa, wanakariri fomula, na kila mada wanaiona kama kisiwa. Ninachokushauri ni hiki: kila mbinu ishike ukiwa na swali moja la fizikia mkononi, lifanye kwa kalamu hadi upate namba, kisha lihoji lile jibu. Swali moja lililofanywa hivyo lina faida kuliko kurasa ishirini za maswali yaliyokwishatatuliwa na mtu mwingine.

Hatua ya kwanza: rekebisha msingi wa kidato cha sita

Aliyetoka PCM (fizikia, kemia na hisabati) amesoma hisabati ya juu kwa miaka miwili. Aliyepitia BAM (hisabati tumizi ya msingi) ameonja tu kalkulasi, na hana budi kuongeza muda hapa bila kuona aibu. Kwa vyovyote vile, kaa na karatasi tupu, funga simu, ujipime kwa haya:

1. Tafuta intigrali ya x²e^(−x) kutoka 0 hadi infiniti. Jibu ni 2.
2. Panua cos x na √(1+x) kwa mfululizo wa Taylor, vijenzi vitatu vya mwanzo.
3. Tafuta vipeuo vyote viwili vya pili vya i.
4. Tatua y″ + 4y = 0, ukipewa y(0) = 1 na y′(0) = 0.
5. Chora kwa mkono grafu ya e^(−x) cos 5x, bila kikokotoo.

Ukikwama kwenye mawili au zaidi, wiki mbili za mwanzo wa semista zitumie hapo. Usisubiri testi ya kwanza ikuambie. La tatu ndilo nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu e^(iθ) = cos θ + i sin θ inarudi karibu katika kila sura ya kozi hii. Asiyeweza kuhama kutoka kosaini kwenda eksponensha na kurudi, kila swali la mawimbi litamchukua muda mara tatu.

Hatua ya pili: vekta na matriksi, ukianza na kukisia

Gradienti, daivajensi na keli husomwa mara nyingi kama alama za kukokotoa. Kabla ya kukokotoa, jiulize kila moja inapima nini. Gradienti inaonyesha upande ambao kitu kinapanda kwa kasi zaidi. Daivajensi inapima kiasi kinachotoka katika nukta kuliko kinachoingia. Keli inapima mzunguko. Chukua upepo wa Dodoma unaosomba vumbi: ukiona kimbunga kidogo cha vumbi kinazunguka uwanjani, hapo keli ya kasi ya upepo si sifuri. Ukishaona hivyo, theoremu ya Gauss na ya Stokes haziwi tena za kukariri. Zote mbili zinasema kwamba kinachotokea ndani unaweza kukihesabu ukisimama mpakani.

Zao la vekta nalo lina swali lake zuri hapahapa. Dodoma iko karibu digrii 6 kusini mwa ikweta. Ukining'iniza pendulamu ndefu ya Foucault, ambayo mkao wa kubembea kwake hugeuka polepole kwa sababu dunia inazunguka, inayohusika na mzunguko wake ni ile sehemu tu ya mzunguko wa dunia iliyosimama wima kwa hapo ulipo, yaani sin 6°, ambayo ni kama 0.1. Kwa hiyo mkao wa pendulamu, ambao kwenye ncha ya dunia unakamilisha duara kwa siku moja hivi, hapa utachukua zaidi ya siku tisa. Litengeneze hilo mwenyewe kwa vekta hadi lipatikane. Kisha uliza lingekuwaje ikweta penyewe.

Kwenye matriksi, mada inayobeba kozi ni thamani za aigeni, yaani namba ambazo matriksi huzizidishia vekta zake maalumu bila kuzigeuza upande. Usianzie kwenye diteminanti. Anzia na vitu viwili vyenye masi m, vimefungwa na springi tatu zenye ugumu k: moja ukutani kushoto, moja katikati, moja ukutani kulia. Kabla ya kuandika chochote, kisia. Vitu vyote vikienda upande mmoja kwa pamoja, springi ya kati haivutiki wala haibanwi, kwa hiyo kila kimoja kinasikia springi moja tu: ω² = k/m, ambapo ω ni kasi ya mtikisiko. Vikienda kinyume, ya kati inavutika maradufu, na kila kimoja kinasikia k + 2k: ω² = 3k/m. Sasa andika matriksi, fanya diteminanti, utakuta namba hizohizo. Vekta za aigeni ni (1, 1) na (1, −1), nazo ndizo ile miendo miwili uliyoikisia. Ukifika kwenye kwanta na kukuta matriksi tena, utakuwa umeshajua thamani za aigeni zinasema nini.

Hatua ya tatu: Fourier, na hapa usiharakishe

Ikiwa semista ina wiki kumi na tano, mimi ningetenga tano kwa Fourier na milinganyo difarensia ya sehemu, yaani yenye vigeu zaidi ya kimoja. Nyingine zote zinaweza kubanwa kidogo. Hizi haziwezi.

Joseph Fourier aliwasilisha kazi yake kuhusu joto mjini Paris mwaka 1807, na wakubwa wa hisabati wa wakati ule, Lagrange akiwemo, hawakuikubali moja kwa moja. Dai lake lilikuwa zito: kwamba hata fungsi yenye kona na miruko inaweza kujengwa kwa saini na kosaini. Kitabu chake kilitoka mwaka 1822. Nakueleza hili ili ujue kwamba ukishangaa mstari ulionyooka unajengwaje kwa mawimbi, unashangaa jambo ambalo waliokutangulia pia walilishangaa.

Fanya hivi. Chukua wimbi la mraba linaloruka kati ya −1 na 1. Tafuta vizidishi vyake kwa mkono hadi upate (4/π)(sin x + sin 3x/3 + sin 5x/5 + …). Weka x = π/2 uone kama unapata 1. Kisha chora vijenzi vitatu, halafu kumi, halafu hamsini. Utaona kidole kinachochomoza kando ya mruko, na hata uongeze vijenzi vingapi, urefu wake unabaki kama asilimia 9 ya mruko wote. Kinachopungua ni upana. Mwanafunzi aliyekiona kwa macho yake hatadanganyika tena kwamba kuongeza vijenzi kunaponya kila kitu.

Na ukitaka kusikia Fourier kwa masikio, sikiliza zeze la Wagogo. Uzi uliofungwa ncha zote mbili unatoa masafa yanayokwenda mara 1, 2, 3, 4 ya yale ya chini kabisa, na sauti yake ni jumla ya hayo.

Hatua ya nne: swali moja hadi mwisho, joto ndani ya udongo

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu swali hili lina karibu kila kitu ambacho kozi inataka ujue.

Juu ya ardhi ya Dodoma wakati wa kiangazi, mchana ni jua kali na usiku baridi. Swali: mabadiliko hayo yanashuka hadi kina gani? Joto ardhini linafuata mlinganyo

∂T/∂t = κ ∂²T/∂z²

ambapo z ni kina na κ ni uwezo wa udongo kusambaza joto. Kwa udongo mkavu wa kichanga chukua κ = 3×10⁻⁷ m²/s.

Kwanza, masharti ya mpaka. Wanafunzi wengi hurukia ufumbuzi kabla ya kuyaandika, na hapo ndipo maksi nyingi hupotelea. Yaandike kwa maneno kwanza. Juu kabisa, z = 0, joto linapanda na kushuka kwa mzunguko wa saa 24: A cos ωt, tukipima kutoka wastani. Chini sana, mabadiliko lazima yafe.

Pili, badilisha kosaini kuwa eksponensha. Sema T ni sehemu halisi ya A f(z) e^(iωt). Ukiiweka kwenye mlinganyo, muda unajikata na unabaki na f″ = (iω/κ) f. Mlinganyo wa sehemu umekuwa mlinganyo wa kawaida, ambao uliujua toka kidato cha sita.

Tatu, unahitaji kipeuo cha pili cha i. Ndiyo maana kilikuwemo kwenye jaribio la mwanzo. Ni (1 + i)/√2, na hasi yake. Kimoja kinakupa ufumbuzi unaokua bila kikomo kadiri unavyochimba, na sharti letu la pili linakikataa. Kinachobaki ni

T = A e^(−z/d) cos(ωt − z/d), ambapo d = √(2κ/ω).

Nne, hakiki vipimo kabla ya kwenda mbele. κ ni m²/s, ω ni 1/s, ukigawanya unapata m², kipeuo chake ni m. Vizuri. Hakiki pia mipaka: mabadiliko yakiwa ya haraka sana, ω inakua na d inapungua, yaani joto halipati muda wa kushuka. Inaingia akilini.

Tano, weka namba. Kwa siku moja ω = 2π/86,400, sawa na 7.27×10⁻⁵ kwa sekunde, na d inakuwa kama sentimita 9. Kwa mwaka mzima, d inaongezeka kwa kipeuo cha pili cha 365, yaani mara 19, na kufika kama mita 1.7. Sasa chimba sentimita 30. Ikiwa juu joto linacheza digrii 15 juu na chini ya wastani, hapo chini linacheza kama nusu digrii tu. Na linachelewa kwa saa kumi na mbili na nusu hivi: juu kukiwa na joto zaidi saa nane mchana, sentimita 30 chini kilele kinafika kama saa nane na nusu usiku, wakati juu kumeshapoa.

Sita, na wengi hawafiki hapa, badilisha swali. Tembe la Kigogo lina paa bapa la udongo. Tuseme udongo wake una unene wa sentimita 20 na κ ileile. Ukitumia fomula ya juu moja kwa moja, z/d ni 2.2, mabadiliko yanapungua hadi asilimia 11, na yanachelewa kama saa nane na dakika ishirini na tano. Lakini paa lina mwisho. Upande wa chini kuna hewa ya ndani ya nyumba, na ile sababu ya kukataa kimojawapo cha vipeuo haipo tena. Ukisema kwa kukadiria kwamba joto halitoki upande wa chini, yaani f′(L) = 0, L ikiwa unene wa paa, vipeuo vyote viwili vinabaki na ufumbuzi ni

f(z) = cosh(q(L−z))/cosh(qL), ambapo q = (1+i)/d.

Kokotoa ukubwa wa f pale z = L. Utapata kama 0.22, maradufu ya makadirio ya kwanza, kwa sababu wimbi la joto likifika upande wa chini linarudishwa na kujijumlisha na linalokuja. Ucheleweshaji haubadiliki sana, bado ni kama saa nane na nusu. Ndiyo kusema jua la saa nane mchana linafika darini usiku wa saa nne na nusu, likiwa limebaki hafifu.

Ukimaliza hili bila kuangalia popote, una utenganishaji wa vigeu, namba changamano, fungsi za haipaboli, masharti ya mpaka na uhakiki wa vipimo, vyote ndani ya swali moja. Lifanye upya baada ya wiki moja ukianzia karatasi tupu. Kama bado unakwama mahali, hapo ndipo pa kurudi.

Hatua ya tano: fungsi maalumu, kontua na Green

Fungsi za Legendre na Bessel huogopesha kwa sababu ya fomula zake ndefu. Zichukulie hivi: ukitenganisha vigeu kwenye boksi unapata saini na kosaini, kwenye silinda unapata Bessel, kwenye tufe unapata Legendre. Umbo la mpaka ndilo linalochagua. Ngozi ya ngoma iliyokazwa kwenye duara ni swali la Bessel. Sifuri ya kwanza ya fungsi ya Bessel J₀ ni 2.405 na ya J₁ ni 3.832, hivyo sauti ya pili ya ngozi hiyo ni mara 1.59 ya kwanza, si mara mbili kama uzi wa zeze. Masafa ya ngozi kama hiyo hayafuati namba kamili, na ndiyo maana mlio wa ngoma ni tofauti kabisa na ule wa uzi. Usikariri zile fomula za kurudirudi. Jua zinatoka kwenye mlinganyo gani na sifuri zake zinatumikaje.

Intigrali za kontua, yaani zinazofuata njia iliyofungwa kwenye bapa la namba changamano, zinahitaji mazoezi ya mikono tu. Anza na ile ya 1/(1+x²) kutoka infiniti hasi hadi chanya. Kwa arktanjenti unajua ni π, kwa hiyo ukiifanya kwa residuu utajua papo hapo kama umekosea. Kila mara tafuta njia ya pili namna hiyo.

Fungsi ya Green iache mwisho. George Green alikuwa mtoto wa mwenye kinu cha unga Nottingham, mwenye shule kidogo sana, na andiko lake la mwaka 1828 alilichapisha mwenyewe. Wazo lake ni hili: jua mfumo unajibu nini ukiugonga mahali pamoja kwa mara moja, kisha jumlisha majibu ya mapigo yote. Ukiielewa sentensi hiyo kwa springi moja, hesabu zilizobaki ni uvumilivu.

Hatua ya sita: ratiba, diskasheni na kompyuta

Kabla ya kipindi, soma noti kwa dakika ishirini ili ujue tu maneno gani yatatajwa. Siku hiyohiyo jioni, fanya upya mfano mmoja wa lekchara ukiwa umefunika daftari. Katikati ya wiki, fanya maswali ya tyutoria peke yako. Diskasheni ije baada ya hapo, si kabla. Ukienda kwenye kimbweta bila kujaribu, utamtazama mwenzako akitatua, utaitikia kwa kichwa, utarudi hosteli ukiwa mtupu. Kundi la watu watatu au wanne linatosha. Wekeni sheria moja: aliyekwama ndiye ashike kalamu, wengine waulize maswali tu.

Muulize pia lekchara. Ukimfuata na karatasi inayoonyesha ulipoishia, utasaidiwa haraka kuliko ukimwambia hujaelewa sura nzima.

Kuhusu kompyuta, lugha ya programu Python pamoja na maktaba zake NumPy na SymPy ni bure, na ukishazipakua hazihitaji bando tena. GNU Octave vilevile. Pakua siku mtandao uko vizuri. Zitumie kuhakiki ulichokwisha kufanya kwa mkono. Lile swali la udongo ligawe katika vipande vya sentimita 1 na ulikokotoe hatua kwa hatua kwa mbinu rahisi ya kwenda mbele. Hapo utagundua jambo: κΔt/Δz² isizidi nusu, la sivyo namba zinalipuka. Kwa vipande hivyo, hatua ya sekunde 100 inakwenda vizuri, ya sekunde 200 inaharibu kila kitu. Jaribu zote mbili uone kwa macho yako.

Hatua ya saba: mtihani

Mitihani iliyopita ifungue wiki tatu kabla, ukiwa umeshapita mada zote. Chagua mmoja, jifungie kwa muda uleule wa mtihani, kisha sahihisha kwa wino wa rangi nyingine. Andika pembeni aina ya kosa: alama, masharti ya mpaka, intigrali, au hukujua pa kuanzia. Baada ya mitihani mitatu utaona kosa lako linajirudia wapi. Hilo ndilo la kurekebisha, badala ya kusoma kila kitu upya na kukesha hadi unaingia venyu macho mazito.

Ndani ya chumba cha mtihani, anza na swali unaloweza kuliandikia masharti ya mpaka bila kusita. Muda ukikuishia kwenye swali la mwisho, usiliache tupu. Andika mlinganyo, masharti yake, umbo la ufumbuzi unaotarajia na sababu ya kukataa kipeuo kimoja. Kisha andika kipimo ambacho jibu lingekuwa nacho, na ukabidhi.